Ndoa ya jinsia moja na kesi ya kuondolewa Marekani: hatua za kufuata, kutoka kwa mkalimani

Mwongozo huu ni wa watu wawili wanaoishi Marekani, wanaume wawili au wanawake wawili, waliooana au wanaotaka kuoana, ambao mmoja ana uraia au kadi ya kijani na mwenzake ameandikiwa barua ya kufika mahakama ya uhamiaji. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, si wakili, na haya hayachukui nafasi ya wakili. Kiapo changu hakiniruhusu kusimulia kesi ya mtu, kwa hiyo nitakayoyataja ni yale yanayojirudia hadi hayana tena mwenyewe. Linalojirudia kuliko yote ni hili: uongo mdogo uliowalinda nyumbani, ule wa "huyu ni binamu yangu", ndio unaowaangusha mbele ya jaji. Sheria ya ndoa iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Shida iko kwenye makaratasi.

Sheria ilivyofika hapa

Mwaka 1975, Richard Adams, raia wa Marekani, alifunga ndoa na Anthony Sullivan wa Australia mjini Boulder, Colorado, kwa leseni iliyotolewa na karani wa kaunti. Adams akamwombea mwenzake makazi. Idara ya uhamiaji ya wakati ule iliwajibu kwa barua rasmi yenye tusi ndani yake, ikisema watu wa namna yao hawawezi kuwa na ndoa ya kweli. Walishitaki, na mwaka 1982 mahakama ya rufaa ikawakatalia. Adams alifariki 2012. Sullivan alipata kadi yake ya kijani mwaka 2016, akiwa mjane, miaka 41 baada ya harusi.

Kilichobadilisha mambo ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 26 Juni 2013 katika kesi ya Edith Windsor. Huyu hakuwa mhamiaji. Alikuwa bibi wa New York aliyetozwa kodi ya mirathi ya dola 363,053 baada ya mke wake kufariki, kwa kuwa sheria ya mwaka 1996 iliizuia serikali kuu kuitambua ndoa yao. Kifungu hicho kilipofutwa, wahamiaji nao wakapata njia. Tarehe 17 Julai mwaka huohuo, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua katika kesi ya Zeleniak kwamba kinachoangaliwa ni kama ndoa ilikuwa halali mahali ilipofungwa. Mwaka 2015 ndoa hizi zikawa halali katika majimbo yote, na Desemba 2022 zikapata ulinzi wa sheria ya Bunge.

Kwa hiyo waliooana Afrika Kusini, ambako ndoa hizi zimeruhusiwa tangu Novemba 2006, ndoa yao inahesabika Marekani hata kama Nairobi na Dar es Salaam haitambuliki. Lakini sherehe mliyofanya sebuleni na marafiki, hata kama mlivishana pete na mchungaji akawaombea, bila leseni ya serikali jaji haioni kuwa ndoa.

Hatua ya 1: Someni barua na mshike tarehe

Barua yenyewe ni fomu I-862. Humo kuna namba inayoanza na herufi A, ikifuatiwa na tarakimu 8 au 9. Nyote wawili ikaririni, maana siku mmoja akikamatwa simu yake haitakuwa mkononi. Kwa namba hiyo mnaweza kupiga 1-800-898-7180, laini ya mahakama inayojibiwa na mashine kwa Kiingereza na Kihispania, mkajua kikao kijacho ni lini. Pigeni kila wiki. Tarehe husogezwa, na barua ya kuwajulisha huweza kukwama kwenye sanduku la mpangaji mwingine.

Mkihama nyumba mna siku 5 za kuijulisha mahakama kwa fomu EOIR-33. Kuijulisha USCIS, yaani idara inayoshughulikia maombi, ni fomu nyingine, AR-11, ndani ya siku 10. Ofisi hizi mbili hazipeani habari za kuhama kwenu.

Usipofika kikaoni, amri ya kuondolewa hutolewa hukohuko bila wewe kuwepo. Inachukua dakika chache. Jaji anaita jina, nami nalirudia kwa Kiswahili nikiangalia mlango, kimya, wanaendelea na faili linalofuata. Amri kama hiyo inaweza kuombewa kufutwa, ila muda ni mfupi na sababu zinazokubalika ni chache.

Hatua ya 2: Tafuteni wakili, si mjaza fomu

Serikali haitakupa wakili wa uhamiaji. Una haki ya kuwa naye kwa gharama yako. Kama siku ya kikao cha kwanza bado hujampata, mwambie jaji unaomba muda wa kutafuta. Kwa kawaida huutoa. Mahakama ina orodha ya wanaosaidia bure au kwa bei nafuu, na shirika la Immigration Equality la New York limekuwa likishughulikia kesi za wapenzi wa jinsia moja tangu 1994.

Kila mji wenye Waswahili wengi una yule ndugu wa kujaza fomu, bei yake nzuri na anaongea lugha yenu. Muulizeni swali moja: leseni yako ya uwakili ni ya jimbo gani, au umeidhinishwa na Wizara ya Sheria? Akianza kueleza sana, ageni mwondoke. Kwa kesi ya namna yenu kuna hatari ya pili: huyo ndugu anasali msikiti mmoja na mjomba wako.

Wakili mwambieni yote. Amefungwa na sheria kutunza siri zenu, na jambo atakalolisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwanasheria wa serikali hataweza kulitetea.

Hatua ya 3: Uliingiaje nchini?

Watu wengi hudhani swali kubwa ni ndoa. Swali kubwa ni mlango ulioingilia.

Kama uliingia kwa viza ukakaguliwa uwanjani, kisha ukapitiliza muda, na mwenzako ni raia, kosa la kupitiliza halikuzuii kuombewa kadi ukiwa humuhumu Marekani. Hii ndiyo njia ya wengi wetu waliokuja kwa viza ya masomo au ya matembezi. Kama mwenzako ana kadi ya kijani tu, msamaha huo kwa kawaida haupo. Basi aombe uraia haraka, miaka 5 tangu apate kadi ikishatimia.

Kama ulivuka mpaka bila kukaguliwa, ndoa pekee haitoshi. Mara nyingi inabidi utoke nje ukafanyiwe usaili ubalozini, na aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 hufungiwa nje miaka 3 anapotoka, aliyezidisha mwaka miaka 10, mpaka apewe msamaha. Usitoke bila neno la wakili. Ipo pia njia ya aliyeishi Marekani miaka 10 mfululizo kabla ya barua ya mahakama, anayeweza kuonyesha kuwa mume au mke wake aliye raia au mwenye kadi, mzazi au mtoto, ataumia kwa kiwango kisicho cha kawaida akiondolewa. Ni ngumu, na nafasi zake ni 4,000 kwa mwaka nchi nzima, lakini tangu 2013 mwenza wa jinsia moja naye anahesabiwa. Waliokuja kwa viza ya J-1, ile ya mabadilishano ya masomo na kazi, wakaguliwe kama wana sharti la kurudi kwao miaka 2.

Angalieni na nchi yenu iko wapi kwenye matangazo ya rais. Burundi iliwekewa vikwazo Juni 2025, Tanzania ikaongezwa Desemba mwaka huohuo. Orodha hizi hubadilika, nazo huweza kuchelewesha ombi hata la aliye ndani ya nchi.

Hatua ya 4: Fungeni ndoa kihalali na mpeleke ombi

Leseni hutolewa ofisi ya karani wa kaunti. Katika kaunti nyingine orodha ya ndoa huwa wazi kwa yeyote anayetafuta jina, kwa hiyo kama mnaogopa habari kufika nyumbani, ulizeni hilo kabla hamjasaini.

Aliye raia au mwenye kadi ndiye anayepeleka fomu I-130, ya kumwombea mume au mke wake. Tangu Aprili 2024 ada yake ni dola 675 kwa karatasi, au 625 kwa mtandao. Ombi hili linabaki USCIS hata kama kesi iko mahakamani. Ombi la kadi yenyewe, I-485, kwa aliye mahakamani huamuliwa mara nyingi na jaji. Kuwa na I-130 mkononi hakusimamishi kesi. USCIS wenyewe walilisisitiza hilo Agosti 2025. Ndiyo maana wakili anatakiwa kumwomba jaji muda wa kusubiri jibu, akiambatisha risiti.

Mkioana baada ya kesi kuanza, sheria inaanza na dhana kwamba mmeoana kwa ajili ya makaratasi. Mnatakiwa kuomba kwa maandishi, pamoja na I-130, mhesabiwe nje ya dhana hiyo, na kuleta ushahidi mzito kuliko wa wanandoa wengine. Maelezo hayo ya maandishi husahaulika mara nyingi mno.

Hatua ya 5: Fukueni yale mliyowahi kuandika

Kaeni mezani usiku mmoja na kila karatasi mliyowahi kusaini. Fomu ya viza: uliandika umeoa au hujaoa? Mkataba wa nyumba: mlimwambia mwenye nyumba ninyi ni nani? Nimetafsiri zaidi ya mara moja mkataba ambapo mbele ya jina la mke pameandikwa "binamu". Hospitali, palipoulizwa mtu wa kupigiwa simu, pameandikwa "kaka". Kazini, "rafiki ninayeishi naye". Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu hizo zinaeleweka. Ila ofisa wa USCIS akiviona vitu hivyo kabla hamjavieleza, ataona watu wawili waliokuwa binamu mpaka barua ya mahakama ilipofika, kisha wakawa wanandoa.

Vielezeni wenyewe, katika hati ya kiapo, kabla hamjaulizwa: tuliandika hivi mwaka fulani, kwa sababu hii, na ukweli ni huu.

Kisha ndoa za zamani. Wengi wetu tuliozeshwa. Baba alipeleka posa, ukakubali, mkazaa, ukaondoka. Ndoa ya namna hiyo haikufungwa kwa ajili ya makaratasi, na kuwa nayo si kosa. Lakini lazima iwe imevunjwa kisheria kabla ya hii ya sasa. Talaka ya mdomo, au karatasi iliyosainiwa na wazee, haitakuvusha. Kwa Mwislamu wa Kenya leta hati ya mahakama ya Kadhi; kwa Tanzania leta hati ya mahakama, ambako kesi hufika baada ya kupitia baraza la usuluhishi wa ndoa. Kuagiza hati hizo kunaweza kuchukua miezi, kwa hiyo anzeni leo. Ndugu akiuliza za nini, mwambie ni za makaratasi ya uhamiaji. Hujamdanganya.

Ndoa ya makaratasi ni habari nyingine kabisa. Kuna mwanamume aliyefika, akashauriwa na wenzake amlipe dada mmoja raia waoane, wala hawakuwahi kuishi pamoja. Serikali ikithibitisha hilo, sheria inazuia ombi lolote la baadaye la ndoa kukubaliwa, hata kama mume aliye naye sasa ni wa kufa na kuzikana. Kama hili linakuhusu, usisaini I-130 yoyote kabla hujalizungumza na wakili.

Hatua ya 6: Ushahidi wa maisha ya pamoja

Vya kawaida mnavijua: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja, bima, kodi ya mapato, picha za miaka tofauti, tiketi za safari, barua za marafiki. Kinachowatofautisha ninyi ni pengo. Harusi za kwetu zina watu mia tatu, na ofisa aliyezoea faili za Wakenya anajua hivyo. Yenu ina picha sita mbele ya karani, na mama hayupo hata kwenye moja. Atauliza. Semeni ukweli kwamba mama hajui, au anajua na ameacha kupokea simu. Ujumbe wa WhatsApp ambamo ndugu alikutukana na kukutoa kwenye kundi la ukoo unauma kuutoa, lakini ni ushahidi mzuri. Uhifadhi wenye tarehe na namba, na tafsiri yake ya Kiingereza iwe na saini ya mfasiri.

Msitengeneze ushahidi. Picha ishirini zilizopigwa siku moja kwa mashati tofauti hutambulika upesi.

Mwenye uraia au kadi akitumia ndoa kukutesa, akakupiga au kukutishia kwamba atafuta ombi, unaweza kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360 bila yeye kujua. Haki hiyo ni ya wenza wa jinsia moja pia.

Hatua ya 7: Msiache hifadhi kwa sababu mna ndoa

Ndoa inaweza kukwama. Ombi la hifadhi, yaani la kulindwa usirudishwe kwenu kwenye hatari, fomu I-589, liende sambamba nayo. Tangu 1990, katika kesi ya Mkuba aliyeitwa Toboso-Alfonso, Bodi ya Rufaa ilikubali kwamba mtu anaweza kulindwa kwa kuwa anapenda wa jinsia yake, na uamuzi huo ulifanywa wa kufuatwa na majaji wote mwaka 1994. Muda wa kuomba ni mwaka 1 tangu kufika. Waliochelewa wanaweza kusikilizwa kama hali ilibadilika, kwa mfano sheria mpya nyumbani au siri yako kufichuka, mradi waombe ndani ya muda wa kuridhisha. Ulinzi mwingine, wa kuzuiwa kurudishwa kwenye mateso, hauna ukomo huo wa mwaka. Tangu Julai 2025 ombi la hifadhi lina ada ya dola 100, na nyingine kila mwaka likiwa halijaamuliwa.

Nyumbani ushahidi haukosekani. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kina kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Kenya ni miaka 14, na Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuifuta sheria hiyo ya Kenya tarehe 24 Mei 2019. Uganda ilipitisha sheria ya 2023 yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na Mahakama ya Katiba ikaiacha sehemu kubwa ibaki Aprili 2024. Rwanda na Kongo hazina sheria ya namna hiyo, kwa hiyo wa huko wanahitaji zaidi ushahidi wa yaliyowapata wao wenyewe.

Jambo jipya: mwaka 2025 Uganda ilikubaliana na Marekani kupokea waomba hifadhi wa nchi nyingine. Wakili wako aandike mapema kwamba unaogopa kupelekwa Uganda pia, na kwa nini. Usingoje uulizwe.

Yaliyomo kwenye ombi la hifadhi hayapelekwi kwa serikali ya nchi yako. Hili naulizwa kwenye korido karibu kila juma.

Hatua ya 8: Kiswahili chako mbele ya jaji

Mahakamani mkalimani hutolewa bure. Kwenye usaili wa hifadhi wa USCIS unakuja na wako, na asiwe wakili wako wala shahidi wako.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo. Mtu anasema: "Aliniambia anaumwa, nikampeleka kwao." Kwetu sentensi imekamilika. Kiingereza kinamlazimisha mkalimani aseme kama aliyeumwa ni mwanamume au mwanamke, na "aliniambia" haisemi. Mkalimani mchovu, akisikia mwanamume anazungumzia mpenzi wake, anaweza kuteleza akasema wa kike. Mwanasheria wa serikali anaandika. Dakika ishirini baadaye mtu huyohuyo anasema "mwanamume yule", na sasa faili lina mkanganyiko ambao hakuuleta yeye. Kwa hiyo taja jina, au sema "mpenzi wangu, mwanamume", kila unapoanza habari mpya. Itasikika ya ajabu kwa Kiswahili. Sema hivyohivyo.

Pili, "rafiki yangu". Mazoea ya miaka mingi yanakufanya umwite hivyo hata mume wako. Kwa Kiingereza atabaki rafiki. Jizoeze nyumbani, kwa sauti, kusema "mume wangu" au "mke wangu" mpaka ulimi usikwame. Nimewaona watu waliofunga ndoa miaka minne wakishindwa kulitamka neno hilo mbele ya jaji, na kimya kile mimi siwezi kukitafsiri.

Tatu, Kiswahili cha Bukavu si cha Unguja. Kama humwelewi mkalimani, au unamfahamu kutoka kanisani, inua mkono umwambie jaji hapohapo. Hatukasiriki.

Hatua ya 9: Akikamatwa

Mlangoni, msifungue, ombeni hati ipitishwe chini ya mlango muone kama imesainiwa na jaji wa mahakama. Hati ya kawaida ya ICE, idara inayokamata wahamiaji, husainiwa na ofisa wao wenyewe. Toeni jina, msijibu maswali ya mlivyoingia nchini, msisaini kitu. Mwenza aliyebaki aingie kwenye mfumo wa ICE wa kutafuta waliokamatwa kwa namba ya A na nchi ya kuzaliwa, kisha ampigie wakili kuhusu dhamana. Wapo waliokamatwa siku yenyewe ya usaili wa ndoa, kwa hiyo mwenye amri ya zamani ya kuondolewa asiende usaili bila wakili wake. Jaji akikataa kesi, siku hiyohiyo muulizeni wakili tarehe ya mwisho ya rufaa na muiandike ukutani.

Hatua ya 10: Mkishinda

Kama siku kadi inatolewa ndoa haijafikisha miaka 2, kadi itakuwa ya miaka 2 tu. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha mnapeleka pamoja fomu I-751, ya kuomba kadi isiyo na sharti hilo, na ushahidi mpya wa maisha yenu tangu hapo. Mkiisahau, aliyetoka mahakamani anaweza kurudishwa palepale, kwa hiyo tunzeni bili zote za kipindi hicho, zenye majina mawili, na safari hii pasiwe na binamu.